Mstari Mmoja Kwenye Wasifu wa Baba

Kibanda ninachofanyia kazi kiko Lurambi, kati ya duka la mbolea na kinyozi. Tuna kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala, na printa ambayo hukwama mvua ikinyesha. Nilipomaliza chuo nilidhani nitakaa hapa mwezi mmoja. Sasa ni mwaka wa tatu. Kazi inayotuletea watu wengi ni vijitabu vya mazishi. Wenye msiba huja Jumatano na Alhamisi wakiwa na picha ya marehemu kwenye simu na wasifu ulioandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Mimi hufungua faili la marehemu wa wiki iliyopita, nikabadilisha jina, nikabadilisha picha, nikabadilisha idadi ya watoto na wajukuu. Sehemu ya ugonjwa mara nyingi siigusi. "Aliugua kwa muda mfupi na kuvumilia kwa ujasiri." Inamtosha kila mtu.

Alhamisi moja senge aliingia pale kibandani. Senge ndivyo tunavyomwita dada ya baba, na mimi ninaye mmoja tu, mjane anayelima miwa na mahindi Navakholo. Alikuwa amevaa nguo za kanisani ingawa haikuwa Jumapili, na sketi yake ilikuwa imekunjwa kiunoni na kubanwa kwa pini kubwa ya nepi.

"Habari ya hapa, papa?"

Tangu tumzike baba huniita papa, yaani baba, kama vile nafasi ile haiwezi kukaa wazi.

"Nzuri, senge. Karibu ukae."

"Sikai. Nikikaa sitaamka. Hizi miguu zimekuwa za mtu mwingine." Akaweka paketi ya dawa juu ya meza. "Nisomee hii. Ile ya kwanza imeisha na tumbo bado inanisumbua, sasa kliniki ya huko kwetu wamenipatia hii ingine. Imeandikwa kama njia ya sisimizi."

Zilikuwa dawa za vidonda vya tumbo. Nilimuuliza kama walimpima kabla ya kumpa.

"Wanipime nini? Niliwaonyesha hii." Akafungua mkoba na kutoa kijitabu cha mazishi ya baba, kimekunjwa mara mbili, pembe zimelainika kama kitambaa. "Niliwaambia ni ugonjwa ya kwetu. Daktari akasoma, akasema sawa, hata mama yake mwenyewe ako na vidonda."

Alikuwa amepiga mstari kwa kalamu ya bluu chini ya maneno hayo. *Marehemu alisumbuliwa na vidonda vya tumbo kwa muda mfupi.* Sikuhitaji kuyasoma. Ni mimi niliyeyaandika, na hayakuwa kweli.

"Shida yenyewe ni gani hasa, senge?"

"Si nimesema ni tumbo."

"Tumbo namna gani?"

Akamtupia jicho mteja aliyekuwa anangoja nakala za kitambulisho. "Mambo ingine mtu haulizwi na kijana," akasema, kisha akaniuliza choo kiko wapi.

Nilimwelekeza nyuma ya kinyozi. Alirudi baada ya muda mfupi, akasimama, akaanza kunieleza habari za mahindi, halafu akakatiza maneno na kwenda tena. Mara ya pili alirudi polepole, mkono chini ya kitovu, uso ukiwa na ile hali ya mtu aliyetumwa kuleta kitu akakikosa. Niliujua mwendo ule. Nilikuwa nimeutazama nyumbani karibu mwaka mzima.

Baba alikuwa msimamizi wa wakataji miwa, mtu wa kula haraka na kunyanyuka wa kwanza. Kisha akaanza kunyanyuka katikati ya chakula. Alikuwa akiacha tonge la ugali kwenye ukingo wa sahani, akaenda chooni nyuma ya migomba, na sisi tukasikia mlango wa mabati ukilia mara mbili, kufunguka na kufungika. Alirudi, akakaa, akatazama mboga, akasema, "Bado," kwa sauti ya kujiambia mwenyewe, kisha mabati yakalia tena. Wiki moja alifunga choo kabisa, wiki nyingine akaharisha. Alilaumu maharagwe. Alilaumu maji ya kisima. Kila mwisho wa mwezi alikunywa dawa chungu ya majani ya kusafisha tumbo, ile ambayo sisi watoto tulinyweshwa kila shule zikifungwa, na kwa siku mbili alijiona amepona. Mshipi wake aliutoboa tundu jipya kwa msumari, halafu lingine, halafu lingine.

Kuhusu damu, hatukujua ilianza lini. Choo cha shimo hakimwonyeshi mtu kitu. Mama aliiona kwenye nguo wakati wa kufua, akamuuliza, naye akamjibu kwamba ni bawasiri, kwamba mtu aliyebeba miwa tangu ujana hawezi kukosa bawasiri. Mama hakuuliza tena. Kwetu mambo ya chooni hayana msemaji.

Siku moja alizirai shambani. Hospitalini waligundua damu yake iko chini sana, wakamwongeza, kisha wakampitisha kwenye kipimo cha kamera. Daktari alinikuta kwenye ukumbi. Alikuwa kijana, labda ananizidi miaka mitano.

"Wewe ndiye uliyesoma?"

Nikasema ndiyo, na nakiri nilifurahia kuulizwa hivyo.

"Ni saratani ya utumbo mpana. Imeshafika kwenye ini." Akafunga faili. "Kuna jambo lingine. Ugonjwa huu wakati mwingine hufuata familia. Waambie ndugu za mzee, na nyinyi watoto, mje mpimwe. Msingoje kuumwa."

Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyemwelewa mwalimu. Baba aliishi wiki tano baada ya hapo. Katika wiki hizo tano sikumwambia yeyote maneno yale ya mwisho. Nilijiambia kwamba si wakati wake, kwamba nitayasema baada ya mazishi.

Halafu ukaja wasifu. Kwetu aliyesoma ndiye huandika, na kamati ya mazishi ndiyo hupitisha. Nilisoma rasimu chini ya hema, karatasi ikiwa juu ya goti. Nilikuwa nimeandika saratani ya utumbo mpana. Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati, aliinua mkono kabla sijamaliza sentensi.

"Futa hapo."

"Baba mdogo, ndivyo daktari alisema."

"Daktari ataoa dada zako? Uko na wasichana wawili nyumbani. Unataka watu wa kanisa watoke hapa wakisema hii boma iko na kansa?"

"Na utumbo!" akadakia mzee mwingine. "Utasimama useme utumbo mbele ya pasta, mama za watu wakikula?"

Watu walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika pale nyumbani tangu mwili ufike.

"Andika vidonda," baba mdogo akasema, sauti imelainika. "Vidonda kila mtu ako nayo. Haiharibii mtu jina."

Nikafuta. Nikaandika. Ningependa kusema nililazimishwa, lakini kilichonijia wakati ule kilikuwa nafuu. Nilihisi kwamba nikiandika vidonda, basi hakuna wa kupimwa, na mimi nikiwamo. Senge alikuwa jikoni, kwenye moshi, akipakua ugali. Hakusikia lolote. Yeye alikuja kuisoma sentensi ile ikiwa imeshachapwa, na aliiamini kwa sababu ilitoka kwangu.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu akinyoosha mkono apewe dawa zake. Nilimsomea maandishi ya kwenye paketi. Nilimwambia kimoja asubuhi, kimoja jioni, kabla ya chakula. Akashukuru. Nikamtazama akivuka barabara, nikamwacha aende.

Sijui kueleza siku zilizofuata bila kuonekana mjinga. Nilisoma kila nilichokipata kuhusu ugonjwa ule kwenye simu. Choo kinachobadilika kwa wiki kadhaa. Damu, iwe nyekundu au nyeusi ya kuwafanya watu wadhani ni kitu walichokula. Choo chembamba kuliko kawaida. Kuhisi hujamaliza hata ukiwa umemaliza. Maumivu, gesi, kukonda, uchovu usioondoka kwa kulala. Jumamosi nilikuwa na dalili zote. Jumapili sikuwa na hata moja. Niliacha nyama choma na soseji, nikala mboga za majani asubuhi, mchana na jioni hadi tumbo likavimba, na kuvimba kule nako nikakuhesabu kuwa dalili. Saa sita mchana, jua likiwaka, nilikuwa naingia kwenye choo cha ploti, cha wapangaji wote, na tochi ya simu, nikimulika shimo. Jirani mmoja aliniuliza kama nimeangusha kitu.

Kazini ilikuwa mbaya zaidi. Nilianza kuusikia ule mlango wa mabati ndani ya printa, karatasi ilipokuwa inavutwa. Nilisoma nyasifu za watu na kuona kama kila mmoja wao ananificha jambo. Mzee wa miaka hamsini na kitu, aliugua kwa muda mfupi. Mama wa watoto sita, alisumbuliwa na tumbo. Nilimuuliza mwanamke mmoja aliyeleta wasifu wa mume wake, "Alikuwa anaumwa nini hasa?" Alinitazama kama nimejaribu kumfunua nguo. "Andika tu vile iko hapo," akasema.

Nikampigia baba mdogo.

"Senge anaumwa," nikamwambia. "Anaumwa kama baba."

"Nani amesema?"

"Nimemwona. Amekonda. Anaenda chooni anarudi. Labda hata anatoa damu."

"Labda!" Nilimsikia akimcheka mtu aliye karibu naye. "Wewe kila kitu ni labda. Si ni wewe ulilia ukiwa fomu tatu eti uko na ukimwi, na ilikuwa homa? Sasa unataka kufukua ndugu yangu juu ya labda?"

Alisema kweli kuhusu fomu tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu. Nimeogopa vitu vingi sana maishani ambavyo havikuwapo, hata sijui tena jinsi ya kutambua hofu yenye haki. Niliweza kukaa usiku na mchana nikipima kama ninamhofia senge au ninajihofia mwenyewe, na wakati huo wote yeye alikuwa akimeza kimoja asubuhi, kimoja jioni, kabla ya chakula.

Siku ya tisa nilipanda bodaboda hadi Navakholo.

Nilimkuta kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, akichambua majani ya kunde. Alikuwa amekonda zaidi, au mimi ndiye niliyekuwa natazama vizuri.

"Nani amekufa?" akauliza kabla sijashuka.

"Hakuna."

"Basi umefukuzwa kazi. Mtu hatoki Lurambi siku ya kazi kuja kusalimia mwanamke mzee."

Nilikaa kwenye gogo. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kwa mpangilio mzuri kabisa, kuanzia jambo la jumla kwenda la ndani. Yote yakapotea.

"Senge, unatoa damu?"

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo. "Unaniuliza nini wewe?"

"Chooni. Unatoa damu?"

"Digrii yako ilikuwa ya choo?" Lakini hakucheka. Akachambua majani mawili, matatu. "Kidogo," akasema. "Kwa karatasi. Sio kila siku. Hiyo ni vidonda inapasuka."

"Tangu lini?"

"Tangu kupanda kwa mwaka jana."

"Baba hakuwa na vidonda."

Nilimwambia yote, nikitazama majani ya kunde. Maneno ya daktari ukumbini. Ndugu zake wapimwe. Hema, kamati, kicheko. Nilipomaliza, kuku walikuwa wameingia kwenye majani na hakuna aliyewafukuza.

"Mimi sikunywanga pombe," akasema hatimaye, kana kwamba anajitetea mbele ya mtu mwingine. "Sijawahi vuta sigara. Nyama naonanga Krismasi. Nakulanga mboga kila siku ya Mungu, hizi unaona hapa. Hiyo ugonjwa si ni ya watu wa mjini, wa kukula chipsi?"

"Mboga zinasaidia, senge. Lakini wewe na baba mlizaliwa tumbo moja. Na miaka nayo inahesabiwa."

"Na ulijua."

"Ndiyo."

"Miaka miwili."

"Ndiyo, senge."

Aliinuka, akashika ukuta, akangoja kizunguzungu kipite. Nilidhani ataniambia niondoke. Aliingia ndani akakaa muda mrefu. Nilisikia sanduku likiburutwa. Alipotoka alikuwa amevaa zile nguo za kanisani na amebeba mkoba.

"Twende basi," akasema. "Huyo wa bodaboda bado ako pale barabarani?"

Tulipakiana watatu. Nilikuwa katikati, kati ya dereva na yeye, na kila tulipoingia kwenye shimo la ile barabara ya murram nilihisi jinsi alivyo mwepesi mgongoni mwangu.

Hospitalini daktari, mwanamke wa makamo, alifungua faili na kuuliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuwa na saratani. Senge alinitazama. Akaweka mikono juu ya mkoba, akaniachia swali lile. Nikasema, "Kaka yake. Baba yangu. Utumbo mpana." Ni maneno machache sana. Daktari aliyaandika bila kuinua macho, na palepale akaacha kuuliza habari za vidonda, akaanza kujaza karatasi nyingine. Sijasahau kasi ya ile kalamu.

Damu yake ilikuwa chini. Alipewa siku ya kamera, na siku moja kabla yake alikunywa mitungi ya ile dawa ya kusafisha utumbo huku akiniambia kwenye simu kwamba daktari ameiba dawa ya majani ya mama aliyewazaa yeye na baba na kuitia chumvi. Walikuta uvimbe upande wa kushoto, wakakata kipande kidogo cha kupima. Majibu yalikuwa yale niliyoyatarajia. Ini lilikuwa safi kwenye picha. Wakapanga upasuaji wa kuondoa sehemu ile ya utumbo na kuunganisha ncha mbili.

Nilimfuata daktari yule nje, kama kawaida yangu, nikamuuliza swali ambalo hakuna aliyenituma kuuliza. Kama angekuja miaka miwili iliyopita?

Alinitazama, nadhani alielewa. "Huenda tungekuta kinyama kidogo," akasema. "Kinakatwa kwa kamera hiyohiyo, mtu anaenda nyumbani kula. Au huenda tusingekuta kitu. Hilo siwezi kulijua, na wewe pia huwezi."

Tangu siku ile nimelibeba lile huenda. Hulala nalo, huamka nalo. Nikiwa peke yangu kibandani, mashine zote zimezimwa, mabati bado hulia, na wakati mwingine hatua zinazorudi si za baba.

Upasuaji ulichukua saa nne. Kwa siku tatu baadaye hakuruhusiwa kula chochote hadi utumbo uamke, na manesi walituambia ishara yake ni hewa. Basi ukoo mzima, watu ambao hawakuweza kulitamka neno utumbo mbele ya pasta, ukawa unapiga simu kutoka Navakholo, kutoka Mautuma, kuuliza jambo moja. Ametoa hewa? Baba mdogo alikuja na chupa ya uji ambao senge hakuruhusiwa kunywa, akasimama upande wa miguuni mwa kitanda, kofia mkononi. Hakunitazama.

"Dada," akasema, na kusita. "Wanasema... bado?"

"Bado nini? Sema."

"Ile kitu."

"Mwanaume mzima. Sema kujamba."

Wagonjwa wa vitanda vya pembeni walicheka hadi mmoja akashika mshono wake. Baba mdogo akatazama dirisha, masikio yameiva. Siku ya nne asubuhi nilikuwa nimekaa peke yangu naye, wodi ikiwa inapigwa deki, ndipo sauti ikatoka chini ya blanketi, ndefu, bila haya. Mwanamke wa kitanda cha pili akapiga kigelegele. Nesi akaandika kwenye chati. Mimi nilijikuta nalia, na senge akaniacha nilie bila kunifariji.

Majibu ya tezi walizokata karibu na uvimbe yalikuwa hayajatoka. Yakiwa mabaya kutakuwa na dawa za mishipani, miezi mingi. Tulilijua hilo sote wawili. Nilipofuta uso nilimkuta ananikazia macho.

"Na wewe lini?" akauliza.

"Nini, senge?"

"Usinifanye mjinga. Wewe ni wa tumbo gani? Baba yako ni nani?"

"Karibuni. Nikimaliza kukuuguza."

"Siku gani?"

Nikaanza kueleza. Kwamba mimi ni kijana bado, kwamba nilimuuliza daktari wake naye akasema sina dalili, kwamba anaweza kunipangia bila haraka, kwamba kibandani niko peke yangu siku za Jumatano na Alhamisi. Alinisikiliza hadi nikaishiwa. Kisha akanyoosha mkono wenye sindano ya maji, taratibu kwa sababu ya mshono, akaichukua simu yangu kutoka kitandani na kuiweka kiganjani mwangu.

"Piga sasa," akasema. "Mimi nasikiza."

Namba ya kliniki ilikuwa kwenye karatasi yake ya kulazwa. Niliibonyeza moja moja. Nilitumaini hakuna atakayepokea. Senge alikuwa ameegemea mto, macho wazi, midomo imekauka, akihesabu milio.

Mlio wa tatu, sauti ya mwanamke ikasema hujambo, nikusaidie vipi.